Upanga wa Babu Ulikuwa na Mwenyewe

Ukinikuta pale sokoni Homa Bay nikikaanga mbuta, hutadhani mimi ni mtu wa kusimulia habari za mashetani. Waulize wanaonunua kwangu. Watakuambia mdomo wangu ni mkali kuliko pilipili ninayowawekea pembeni mwa sahani, na nikisema samaki ni wa leo, basi ni wa leo. Haya ninayokueleza yalinipata mimi, mchana, na akili zangu zote zikiwa kichwani. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, kaa hapo hapo unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nina ombi.

Jambo moja kabla sijaanza. Ndani ya kisa hiki yumo ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Jina lake sitalitaja. Usinibembeleze, na kama unalijua, usilitamke mbele yangu. Sababu utaiona mwenyewe.

Kwetu ni Muhuru Bay, karibu na mpaka wa Tanzania, pale ambapo omena, wale dagaa wetu wa ziwani, huanikwa mpaka njia ya kupita inakuwa nyembamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Mwingereza wakati wa vita vya Hitla. Walimpeleka Bukini, kisiwa ambacho watoto wa leo wanafundishwa kukiita Madagaska, kupigana na Wafaransa. Wenzake walirudi na makoti na mablanketi. Babu akarudi na upanga.

Si panga la kukatia nyasi, usinielewe vibaya. Huu ulikuwa upanga mrefu, umenyooka, mpini wa shaba, na kinga ya kuzuia mkono usikatwe. Kwenye chuma kulichorwa jua lenye uso wa mtu, na chini ya jua maua matatu na taji. Nilipokuwa msichana, mwalimu mmoja wa historia alikuja kumtembelea baba akaomba aushike. Aliugeuzageuza huku anameza mate. Akasema ni upanga wa askari wapanda farasi wa mfalme wa Ufaransa, wa zamani sana, kabla Wafaransa hawajamkata mfalme wao kichwa. Kulikuwa na maandishi yaliyofutika nusu. Akayasoma, akatuambia maana yake ni "Aishi Mfalme." Kisha akajaribu kuupunga, ncha ikagonga chini, akacheka.

"Huu haukutengenezewa mtu wa miguu," akasema. "Mwenyewe alikuwa juu."

Namna babu alivyoupata, aliisimulia mara moja tu, kwa baba, na baba akatusimulia sisi. Waliingia katika nyumba kubwa wakidhani imeachwa. Kumbe sebuleni aliketi mzee mmoja Mfaransa, amekufa, upanga wa ukoo wake umelala magotini na vidole vimeufumbata. Hakuna aliyejua amekufaje. Babu aliutamani ule upanga. Akavikunjua vile vidole, kimoja baada ya kingine, na baba alisema babu hakuwahi kusahau sauti ya vidole vile vikivunjika. Mkono ule haukutaka kuachia.

Sasa, sisi Wajaluo tuna mwiko. Kitu ulichokitoa kwa maiti wa vitani hakiingii nyumbani kabla mzee hajakinyunyizia manyasi, ile dawa yetu ya kutakasa. Lakini babu alikuwa ameshabatizwa, na kanisani kwake manyasi yalikuwa dhambi. Akatafuta njia ya katikati. Hakuutakasa, wala hakuuingiza ndani. Aliuchomeka nje, chini ya paa la ghala la mahindi, na mtoto akiunyoshea mkono aliambiwa neno moja tu: "Wacha. Hiyo kitu iko na mwenyewe." Baba akaurithi upanga pamoja na neno lile. Miaka yote hiyo haukumdhuru hata kuku.

Kisha baba akafariki.

Baba alikuwa mzee kamili, mwenye wajukuu, na mzee wa namna hiyo kwetu hafukiwi tu watu wakaenda kula. Lazima kuwe na tero buru. Wanaume wanakusanya ng'ombe, wanashika mikuki na rungu, pembe inapulizwa, na wote wanakimbia kukifukuza kifo mpaka nje ya kijiji. Wakifika huko wanakitukana. Wanakiita kitoke, kipigane nao. Na anayetangulia hubeba silaha ya marehemu, ili kifo kijue kinafukuzwa kutoka boma gani.

Mkuki wa baba haukuonekana. Tulitafuta kila pembe. Mwishowe mama akakumbuka kwamba mpini uliliwa na mchwa, na chuma alikichukua mtu wa vyuma chakavu zamani. Watu wanangoja, ng'ombe wamechoka kuzuiwa, pembe imeshalia. Ndugu yangu, machozi yakimtiririka, akaenda ghalani akauchomoa upanga.

Shangazi yetu, dada wa baba, ambaye kwetu tunamwita Waya, alipiga ukelele.

"Yawa! Rudisha hiyo kitu! Hiyo si ya babako!"

"Waya, sasa nibebe nini?" ndugu yangu akamjibu. "Mwiko ya ugali?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, huku nalia. Unaweza kumlaumu? Alikuwa amempoteza baba yake na alitaka kushika kitu mkononi.

Wakakimbia mpaka ufuoni, vumbi juu, ng'ombe mbele. Sisi wanawake tukafuata kwa vilio na nyimbo. Nilimwona kwa macho yangu akipanda kwenye jiwe, akauinua upanga, jua likawaka kwenye chuma. Akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Wewe! Toka! Njoo tupigane kama wewe ni mwanaume! Ni mimi nakuita!"

Watu wakashangilia. Na katikati ya shangwe nikasikia ukwato ukigonga jiwe, mara moja tu: ko. Nikadhani ni ng'ombe. Nani asingedhani ni ng'ombe?

Unaona kosa letu? Kifo ukikiita na mkuki wa baba yako, kinajua unasema nacho. Lakini ukishika silaha ya mtu mwingine ukaita vita, ataitika nani? Usilolijua ni usiku wa giza, na sisi tuliingia katika giza hilo tukipiga pembe.

Jioni ile ile ndugu yangu alianguka. Homa ikampanda, na mkono wake wa kulia ukajifunga. Upanga ulikuwa umesharudishwa ghalani, lakini vidole vilikaa kana kwamba bado umo ndani yake. Hatukuweza kuvifungua, kucha zikawa zinaingia kwenye nyama ya kiganja. Tukamkimbiza hospitali ya Homa Bay. Sitawasema vibaya madaktari, walijitahidi usiku na mchana, walimpima kila kitu. Mkono haukufunguka. Naye akawa anakauka tu, kila nikimtazama naona mifupa mingine. Neno lililomtoka lilikuwa moja: "Anakuja. Nileteeni ile upanga, anakuja."

Mama alikuwa hana machozi tena. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nenda Muhuru ulete hiyo kitu. Labda akiishika atatulia. Mimi siwezi kuzika wawili."

Basi nikaenda nikauleta. Niliufunga kwa gunia la omena na kamba ya katani, nikaubeba begani kama ufito wa kujengea, na mkononi kikapu chenye chai ya mgonjwa. Niliporudi Homa Bay ilikuwa alasiri, mawingu yamejaa upande wa ziwani lakini mvua haijanyesha. Nikashuka stendi, nikainua mkono, bodaboda moja ikasimama mbele yangu. Dereva alivaa koti refu la buluu, helmeti imeshuka mpaka machoni.

"Hospitali," nikamwambia. Akainamisha kichwa. Nikapanda.

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba pikipiki haikunguruma. Nikajiambia ni hizi mpya za umeme, maana siku hizi zipo. Cha pili ni harufu. Si ya petroli. Ni ya jasho la mnyama na ngozi iliyopakwa mafuta. Cha tatu ni kile kiti nilichokalia, ambacho kilikuwa na joto na kinapanda na kushuka. Halafu nikasikia lami inavyogongwa chini yetu: ko-ko, ko-ko, ko-ko.

Nikainamisha macho. Mahali pa tangi la mafuta palikuwa na shingo. Shingo yenye manyoya marefu, yamelala upande mmoja, na sikio likicheza. Mimi farasi nimewaona kwenye runinga tu, Muhuru hakuna, Homa Bay hakuna. Niamini ninapokuambia nilikuwa juu ya farasi, katikati ya mji, na kile kikapu cha chai mkononi.

Nikatazama mikono ya dereva iliyoshika hatamu. Mkono wa kushoto ulikuwa mkono wa mtu. Wa kulia, ewe Mungu wangu, wa kulia vidole vyote vilikuwa vimevunjwa, vimepinda kuelekea nyuma.

Nilimjua hapo hapo. Mtu huwezi kukua ukisimuliwa mkono halafu usiujue.

"Tunakwenda kwake," akasema bila kugeuka. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha polepole. "Sivyo, mama?"

"Kwa nani?"

"Kwa aliyeniita."

Nikaangalia mbele, nikaliona lango la hospitali. Nikaangalia pembeni, barabara haikuwa na mtu hata mmoja. Nyanya zimepangwa mezani, mwavuli umefunguliwa, mwenye kuuza hayupo. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa hajui ndugu yangu amelala wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Mimi, na chai yangu na gunia langu, ndiye niliyekuwa nampelekea mauti mtoto niliyembeba mgongoni.

"Simama!" nikapiga kelele, kwa ile sauti ninayowafukuzia paka wa sokoni.

Akasimama. Niliteremka, sijui niliteremkaje. Sitakuficha, kidogo nijikojolee.

Akageuka. Helmeti haikuwepo. Uso wa mzee mzungu, umekauka, nywele zimefungwa kisogoni kwa utepe. Kama alikuwa yule mzee wa Bukini au yule wa kwanza kabisa aliyetengenezewa upanga, sijui mpaka leo, labda huko waliko ni mtu mmoja. Nilitazamia hasira. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia hofu zaidi.

"Niliitwa kupigana," akasema, "mbele ya watu, kwa upanga wangu mwenyewe. Mtu wa heshima akiitwa, huja. Nimekuja kutoka mbali. Nitajie jina lake."

"Ilikuwa ni matanga ya baba yangu," nikamwambia. "Sisi tukifiwa tunakiita kifo. Haikuwa wewe. Ilikuwa desturi tu."

"Sikusikia desturi. Nilisikia mwanamume akiniita. Jina lake."

Nikafungua kamba, fundo likanishinda nikalikata kwa meno. Nikamnyoshea upanga kwa viganja viwili, namna tunavyompa mkubwa kitu. "Hiki hapa kitu chako. Babu yangu alikosa. Ninakuomba radhi mahali pake. Chukua uende."

Akanyosha ule mkono wa kulia. Vile vidole vilivyopinda nyuma vikarudi mbele na kuushika mpini, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kililia kama kuni kavu. Ndiyo sauti aliyoisikia babu. Sasa ninayo mimi.

"Huu ni wangu, na ninakushukuru," akasema. "Lakini nimeitwa, na bado sijajibu. Jina."

Nikalia. Nililia kama sikumlilia hata baba. Nilimwona ndugu yangu pale kitandani, mkono umefungwa, amekuwa mdogo tena kama nilipokuwa nikimwogesha kwenye karai. Na katika kulia kule neno likanitoka bila kulipima.

"Ni mimi."

"Ilikuwa sauti ya mwanamume."

"Sauti ilikuwa yake. Maneno yalikuwa yangu." Nikajifuta pua kwa leso, nikasimama wima. "Baba amekufa. Mimi ndiye kifungua mimba, na mimi ndiye mkubwa wa boma lile. Kwetu mdogo hana neno mbele ya mkubwa. Mdogo akiita, ni mkubwa ameita. Kama una kesi, ni yangu."

Mjaluo yeyote angesikia maneno yale angeanguka chini kwa kicheko. Mimi, mkubwa wa boma? Binti, tena aliyeolewa akaachika akarudi? Kwetu binti hajengewi nyumba ndani ya boma la baba yake, na hata kuzikwa kwangu mle ndani kungewakalisha wazee kikao. Nilidai cheo ambacho hakuna mtu Muhuru nzima angenipa. Lakini huyu hakuwa mtu wa Muhuru. Babu hakuzijua mila za kwao alipovivunja vile vidole, na huyu naye hakuzijua za kwetu.

Farasi akapiga chini kwa mguu. Kisha yule mpanda farasi akauinua upanga wima mbele ya uso wake, kama askari wanavyotoa heshima kwa mkubwa wao, na akainamisha kichwa. Kwangu mimi, mkaanga samaki.

"Basi ni wewe," akasema. "Mwenye kuita ndiye hutaja siku. Taja siku tutakayopigana."

Hapo Mungu alinipa akili. "Bado," nikamwambia. "Sijaamua."

"Nitangoja."

Mara honi ikanilipukia masikioni. Watu wamejaa, lori la mchanga limesimama karibu linikanyage, na mama wa nyanya ananipigia kelele, "Mama, toka kwa barabara, unataka kugongwa?" Mkononi nilikuwa na gunia tupu. Nilitupa kila kitu nikakimbia mpaka wodini. Mama alinipokea mlangoni akicheka na kulia kwa pamoja. Mkono ulikuwa umefunguka. Ndugu yangu ameketi, anauliza kama kuna ugali.

Sasa utasema basi, mambo yaliisha vizuri. Ngoja.

Ndugu yangu alipona, akarudi Muhuru, ana mashua yake sasa na mke mzuri. Jambo la kwanza aliloniuliza ni upanga. Nikamwambia umepotea njiani. Hakuniamini, na mimi mwenyewe nisingejiamini. Alisema nimeuuza. Alisema hicho ndicho kitu pekee cha babu tulichokuwa nacho, na dada yake mwenyewe amekifanya chuma chakavu. Aliwaambia ukoo mzima kwamba mimi ni mwizi. Tangu hapo hali chakula changu. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, nilisikia habari kwa wachuuzi wa omena. Inaniuma, sitakudanganya, kuna siku inaniuma mpaka nashindwa kupaa samaki.

Kwa nini nisimwambie ukweli? Kwa sababu namjua. Ana moyo mkubwa kuliko akili. Nikimwambia leo, kesho atasimama ufuoni mbele ya watu, ajigonge kifua na kusema, "Si dada aliyekuita, ni mimi," na jina lake juu. Heri aniite mwizi.

Na yule mwingine hakuondoka. Kila jioni, ninapozima moto na kufunika karai la mafuta, nasikia ukwato nyuma yangu: ko. Halafu sauti ya adabu. "Siku?" Nami bila kugeuka namjibu, "Bado." Hujazoea, utaniuliza? Sijazoea. Nywele bado zinanisimama. Na asubuhi nikiamka mkono wangu wa kulia unakuwa umefumba, inabidi niutie kwenye maji ya moto na kuvikunjua vidole kimoja kimoja kabla sijashika kisu.

Kwa hiyo nakuonya. Kama kwenu kuna kitu cha zamani ambacho wazee walisema kina mwenyewe, usikishike kwa sababu tu cha baba hakikuonekana. Na kamwe usikitumie kuita.

Ombi langu ndilo hili. Wanangu nimeshawaambia: nikifa nizikeni kimya, pembe isilie, asikimbie mtu hata na kijiti. Maana yeye atakuwa amesimama pale langoni juu ya farasi wake, na asiponiona mimi, ataanza tena kuuliza jina. Kama utafika kwenye matanga yangu, utamwona mwanamume mmoja analia kuliko wote, huku anatafuta kitu cha kushika. Mshike mkono wewe. Na usimwite kwa jina.